Mwenyeji wa Chumba cha Dharura

Wagonjwa wapya walipokosa pa kukaa, hawakuniuliza mimi muuguzi. Walimuuliza Mwenyeji.

"Benchi hilo lina mguu mbovu," aliwaambia. "Njoo huku. Na ukiitwa, itika kwa sauti. Daktari wa leo ana haraka."

Jina hilo tulimpa sisi wa chumba cha dharura, maana alionekana pale kuliko baadhi ya wafanyakazi. Alikuwa mzee fundi makochi, aliyefiwa na mkewe. Shida yake ilikuwa ileile: kichwa kinazunguka, kifua kinabana, miguu haina nguvu. Tulimpima moyo, presha, sukari na damu, tusione kitu. Akishakaa kwetu kidogo, uso unamchangamka, anaanza kukagua viti.

"Ni upweke," alisema daktari, nami nikaona yawezekana. Wengi wanaorudi kwetu hawana mtu nyumbani. Ila yuko mama mmoja tuliyemwita Mpenda Sindano, kumbe dawa yake ya sukari ilikuwa ikiharibika kwa joto kwa kuwa hana friji. Tangu hapo sikumaliza maswali haraka.

Siku moja mwanawe Mwenyeji alikuja kumchukua, uso umemvimba kwa hasira.

"Baba, leo ndiyo mwisho. Ukirudi hapa tena, karakana naifunga, unahamia kwangu."

"Nikae kwako nifanye nini? Nihesabu vigae?"

"Upumzike."

"Nitapumzika kaburini, mwanangu. Huko hakuna anayenuna."

Alicheka peke yake. Waliondoka, akasahau miwani yake.

Kesho yake mchana, nikitoka kazini, nilimpelekea. Jua lilikuwa kali, lakini mlango wa karakana ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi.

"Karibu, binti yangu. Ingia, kisha urudishe mlango."

Kochi la watu wawili lilikuwa limevuliwa kitambaa, mbao nje nje. Mzee alikuwa akipaka gundi kwenye sponji. Nilimpa miwani, nikakaa kwenye stuli, nikamuuliza anakula nini, analalaje. Alijibu kila swali na kuongeza mengine yake. Nikajiambia, daktari amepatia.

Kisha maneno yakaanza kunipotea. Kichwa kikawa kizito, kifua kikanibana. Nikatazama kopo la gundi, liko wazi. Nikatazama dirisha, limefungwa.

"Mzee, huwa unajifungia hivi siku zote?"

"Tangu mama watoto aondoke." Brashi ilipunguza mwendo. "Alikuwa akikaa pale mlangoni, anashona foronya, kila apitaye anasimama. Sasa wanasimama kwa ajili yangu. Pole mzee, pole mzee. Pole ya kwanza unaipokea. Zikizidi, mikono inakataa kazi."

Niliinuka, nikashika ukuta. "Na mimi kichwa kinazunguka."

Aliniangalia kama alivyoliangalia lile benchi letu. Kisha akaliangalia kopo.

"Gundi?"

"Gundi, mzee. Kwetu unapata hewa tu, ndiyo maana unapona."

"Miaka yote nimeipaka, haijanidhuru!"

"Miaka yote mlango ulikuwa wazi."

Akalifunika kopo.

"Nitamweleza daktari akupime upya, na mwanao nitamweleza," nilisema. "Lakini ukijifungia tena, atakuhamisha, na mimi sitamlaumu."

Alienda akashika kitasa, akakaa nacho. Nilidhani atakataa. Kisha akavuta mlango hadi mwisho, akauegemezea mguu wa kiti usijirudishe. Akafungua na dirisha.

Haukupita muda, mama wa duka la mkabala akapaza sauti: "Mzee! Kumbe upo! Tulidhani umehama. Jamani, pole…"

Mzee akavaa miwani yake, akatoka mpaka kizingitini.

"Asante, mama. Sasa niletee lile kochi lako linalochoma wageni misumari."

"Misumari yenyewe si uliipiga wewe?"

"Ndiyo maana najua iliko."