Kifurushi cha Sanduku Thelathini na Saba

Avis Trezise hakuiba. Ndivyo alivyojiambia Machi nzima, akajiambia tena Aprili, na Mei ilipoingia alikuwa bado anajiambia.

Mji wa Wirrabel una watu mia mbili na hamsini, safari ya saa tatu kaskazini ya Adelaide, huko Australia, na kati yao, saba walikuwa wameshikwa na wazimu wa minjegere-maua. Mmea huo ni ndugu wa njegere za jikoni, ila haupikwi. Hupandwa kwa ajili ya ua lake na harufu yake, na kila Oktoba maua hushindanishwa katika ukumbi wa mji, aliye bora akapewa kikombe. Mbegu nzuri zilitoka kwa mzee mmoja wa Tasmania aliyezalisha aina zake mwenyewe, na zilikuja kwa posta. Hapo ndipo penye kazi. Lori la barua lilifika Jumanne na Ijumaa, kama halikuharibikia njiani, na kifurushi cha safari ya wiki moja kiliweza kutangatanga miezi miwili. Na mbegu zisipoingia ardhini katikati ya Machi, maua hufunguka maonyesho yamekwisha.

Basi kila mtu alikuwa na mbinu zake. Ernie Polkinghorne aliagiza kila kitu mara mbili. Mwingine alimwomba mzee afiche mbegu ndani ya kadi, akiamini kwamba barua hukimbia kuliko vifurushi, kwa hiyo alipokea heri za siku ya kuzaliwa mara nne kwa mwaka. Dulcie Heinrich aliagiza mbegu za mwaka ujao kabla maua ya mwaka huu hayajanyauka.

"Posta yetu hii," Dulcie alikuwa akisema, "ungempa konokono bahasha angetangulia. Konokono angalau hana likizo."

Dulcie alikuwa jirani ya Avis kwa miaka thelathini, tena shoga yake wa chanda na pete. Kikombe alikuwa amekichukua miaka tisa mfululizo.

Mwaka ule, tarehe kumi na nne Machi, Avis alifungua sanduku lake la barua dukani kwa Kelvin Noske, mwenye duka ambaye pia alikuwa wakala wa posta. Akakuta bahasha nene yenye mwandiko wa mzee wa Tasmania. Alikuwa ameingoja wiki tisa. Hakuitazama mara mbili. Alifika nyumbani akihema, akaichana, akazimwaga mbegu katika bakuli la maji ya uvuguvugu zilainike. Jioni, alipotaka kuitupa ile bahasha, ndipo aliposoma: Bi. D. Heinrich, Sanduku 37. Lake lilikuwa 31.

Ndani mlikuwa na kikaratasi. "Dulcie, hizi kumi na mbili ndizo zote nilizo nazo za aina hii mpya. Wewe ndiye wa kwanza kuipanda."

Avis alisimama na kile kikaratasi mkononi. Mbegu zilikuwa zimevimba, lakini bakuli hubebeka, na kutoka mlangoni kwake hadi kwa Dulcie ni hatua mia mbili. Alivaa hata viatu. Kisha akafikiri: zangu hazijafika. Yeye ameshinda miaka tisa. Nitampa zangu zikija. Akavua viatu, na kesho yake akazipanda zile kumi na mbili nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mgeni hafiki.

Mbegu zake zilifika Mei, wakati wa kupanda umekwisha pita. Aliziweka kwenye droo. Hakumpa mtu.

Dulcie naye alikuwa anakwenda dukani kila Jumanne na kila Ijumaa. Mwanzoni alikwenda kwa mzaha. "Kelvin, mwanangu, konokono wangu amefika?" Kelvin akacheka, akapekua magunia, akapiga simu Adelaide. Juni mzaha ulikwisha. Mzee wa Tasmania alikuwa ameandika kwamba alituma kwa mkono wake, na kwamba hana nyingine. Mwezi huohuo mke wa Kelvin akaonekana anafunga kamba kwenye uzio wa duka, ili minjegere-maua itambae.

"Umeona?" Dulcie alimwambia Avis jikoni kwake, akikata keki. "Mwanamke ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu!"

"Labda kanunua tu mjini," Avis alisema.

"Labda! Mwenzangu, wewe una moyo mweupe sana. Huyo Kelvin ameziona, akazitamani, akampa mkewe. Chukua kipande kikubwa, mbona siku hizi huli?"

Avis alichukua. Akakila chote kwa chai. Maneno yalikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi: ni mimi. Lakini jambo ambalo Machi lingemgharimu kicheko na lawama ya nusu saa, sasa lilikuwa limeota mizizi. Akasema keki ni nzuri.

Dulcie akaandika barua makao makuu ya posta. Mkaguzi akaja Julai na gari jeupe, akakaa nyuma ya kaunta siku mbili, akauliza maswali mbele ya wateja. Hakupata kitu. Hata hivyo Kelvin aliachiwa onyo la maandishi, na watu wakaanza kunyamaza akipita. Alivumilia wiki tatu. Kisha akazing'oa fremu za masanduku ya barua ukutani, akazirundika barazani, akapeleka funguo Adelaide mwenyewe. Tangu siku ile Wirrabel haikuwa na posta. Barua zilibaki Terowan, mji wa jirani, mwendo wa kilomita thelathini na nane, na anayezitaka azifuate.

Septemba yale maua yakafunguka. Yalikuwa na rangi ya zabibu nyeusi iliyoiva, ukingo mweupe kama uzi, na harufu yake ilivuka tangi ikaingia hadi chumbani. Avis hakuwahi kuotesha kitu kizuri namna ile, na hakuweza kukitazama. Siku mbili alikwenda na mkasi, akarudi. Siku ya tatu aliyakata yote, akayafunga kwa kitambaa chenye maji, akatia kile kikaratasi mfukoni, akatembea zile hatua mia mbili.

Dulcie alifungua mlango. Aliyatazama maua kwanza, kisha akapokea kikaratasi na kukisoma.

"Lini?"

"Machi. Ziliingia sanduku langu kwa makosa. Nilizilowesha kabla sijasoma jina, Dulcie, naapa. Lakini baadaye nilisoma."

"Ulisoma."

"Nilisoma."

Avis alingoja matusi, na angeyapokea kama dawa. Dulcie aliketi tu kwenye kiti cha barazani.

"Niliandika barua makao makuu," alisema. "Nilimwita Kelvin mwizi, kwa jina lake na la mkewe. Na wewe ulikuwa umekaa jikoni kwangu."

"Ndiyo."

"Ukala keki."

"Ndiyo."

"Inuka twende dukani," Dulcie alisema. "Utasema wewe, kisha nitasema mimi. Na hayo maua yaache hapo chini, sitaki kuyashika."

Walikwenda. Kelvin alikuwa anapanga makopo. Alisikiliza yote mawili hadi mwisho, kopo mkononi.

"Nilihamisha friji," alisema hatimaye. "Nikang'oa mbao za sakafu nyuma ya kaunta. Nilidhani labda kweli nimekiangusha mimi. Jeanette aliniuliza usoni kama nina jambo namficha. Mke wangu mwenyewe, Bi Avis."

Dulcie akasema ataandika barua nyingine makao makuu. Kelvin akajibu aandike akitaka, ila yeye hiyo kazi haichukui tena. Kisha akawauliza kama wanahitaji kitu dukani, maana anafunga saa sita.

Oktoba Avis hakupeleka ua hata moja ukumbini. Dulcie alipeleka maua yake ya kawaida, akawa wa tatu. Walianza tena kusalimiana kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa majirani hawana budi, lakini jikoni kwake Dulcie hakumwalika tena.

Kazi ya barua Avis aliichukua mwenyewe, bila kuombwa. Kila Ijumaa huendesha gari hadi Terowan, huchukua gunia la mji mzima, huzunguka nyumba kwa nyumba. Dukani hupita mwisho. Kelvin hupokea rundo lake, hulitandaza juu ya kaunta, husoma jina kwenye kila bahasha, moja baada ya moja, mbele yake. Avis husimama hapohapo hadi amalize.