Taa za Dirisha la Mama

Wifi yake ndiye aliyelianzisha, akiwa ameshika ngazi huku mumewe yuko juu anagongelea misumari.

"Wifi, kile chumba chako cha nyuma kina hewa nzuri kweli. Na mama yangu unajua kifua kinavyomsumbua."

Kimya, maana ndivyo walivyomwita nyumbani tangu utotoni, aliendelea kufungua mafundo ya nyaya. Chumba cha nyuma ndimo alimolala na kushonea sare za shule. Ndimo alimomuuguza mama yao pia, akimgeuza ubavu huu na ule, huku kaka akija Jumapili na matunda. Mama alipozikwa, kaka alihamia na mkewe kabla udongo wa kaburi haujakauka. Alisema nyumba ya wazazi haiachwi ukiwa.

"Anakuja kusherehekea?" Kimya aliuliza.

"Anakuja kukaa," kaka alijibu kutoka juu. "Wewe bado una nguvu, mdogo wangu. Yule fundi mwenzako si ana nafasi kwake? Sasa mama mkwe nimlaze wapi, juu ya paa na hizi taa?"

Wifi alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Shika ngazi wewe! Unataka ujane sikukuu hii hii?"

Hata Kimya alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

Kaka alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na taa alizileta kwa maboksi. Zilizunguka paa, nguzo na geti, zikakimbizana nyekundu na kijani. Watu walisimama barabarani wakapiga picha.

Mama alikuwa na uzi mmoja tu wa taa, wa kizamani, aliokuwa akiufunga kila Krismasi kwenye nondo za dirisha la sebuleni. Walipokuwa wadogo walimuuliza kwa nini.

"Usiku ule yule mama mjamzito aligonga kila mlango, wakamwambia pamejaa," alisema. "Taa hizi zinamwambia mpita njia: hapa hapajajaa."

Wala hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Wageni walilala vitandani, watoto wakabanana sakafuni, wakigombania shuka moja.

Taa zile zilikuwa na kero yake: balbu moja ikifa, zote zinazima. Mama alikaa chini na balbu moja nzima mkononi, akiijaribu tundu kwa tundu mpaka ampate mgonjwa. Kaka alimcheka.

"Mama, tupa hizo. Za siku hizi moja ikifa, nyingine hazina habari."

"Ndiyo maana sizitaki za kwako," mama alimjibu. "Zangu moja ikiumwa, zote zinajua."

Sasa kaka alishuka kwenye ngazi, akajipangusa mikono. "Na zile za mama ziweke dirishani. Ni kumbukumbu."

Kimya akaziweka.

Mama mkwe alifika jioni. Mizigo yake ikaingia chumba cha nyuma, na cherehani ikatoka, ikafunikwa turubai barazani. Kimya alipakua chakula, akazungusha maji ya kunawa, akasimama karibu na mlango wa jikoni. Mgeni alikuwa bibi mpole, mwenye macho ya kutaka kujua.

"Za nje nimeziona, zinameta kama harusi," alisema. "Na hizi kuukuu za dirishani je?"

Kaka alifuta midomo, akasimama kabisa.

"Hizo ni za marehemu mama. Alitufundisha kwamba taa ya Krismasi ni ya kumwambia asiye na pa kulala: hapa hapajajaa." Alinyoosha kidole dirishani. "Na mimi nimeapa, mpaka nife, dirisha lile halitazimika."

Wifi alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mama mkwe alitikisa kichwa kwa heshima.

"Mlilelewa, baba. Mlilelewa kweli." Kisha akamgeukia Kimya. "Na wewe mwanangu, unalala chumba gani? Njoo basi ukae, umesimama mno."

Kimya alimtazama kaka yake. Alihitaji neno moja tu. Sakafu ya sebule ingemtosha, alishailalia utotoni. Kaka aliinamia sahani, akawa anatafuta mfupa kwenye nyama isiyo na mfupa.

"Ana kwake," wifi alidakia. "Hapa huwa anashinda tu."

"Nina kwangu, mama," Kimya alisema. Angesema nini mbele ya mgeni?

Mfuko wake ulikuwa tayari barazani, kando ya cherehani. Aliupachika begani, akapita chini ya dirisha la mama, na hapo akasita. Ndani kaka alikuwa anasimulia tena, safari hii kwa madoido. Kimya akanyoosha mkono, akachomoa balbu moja. Uzi wote ukazima.

Heri giza. Giza halimdanganyi mpita njia.

Alikwenda mpaka getini, akasimama, akangoja. Mtu angeshtuka, angetoka, angeuliza ni ipi iliyokufa. Taa za kaka ziliendelea kukimbizana ukutani, na mwanga wake ulitosha kila mahali. Ndani vijiko viligonga sahani, mtu akasema jambo, wote wakacheka.

Alingoja mpaka balbu ikapoa kiganjani.