Mpini Mbichi

Wanaoisifu reli ya Mjerumani hawajawahi kuuliza ilikula kuni za nani. Ilikula zetu. Zilitoka kwenye mapori yetu upande wa Hombolo, na waliozikata walitolewa majumbani mwao na askari, mmoja mmoja, kama mbuzi wa mnada. Waliotoa amri wamesahau. Sisi hatujasahau, wala sioni kwa nini tusahau.

Msimamizi wa kuni alikuwa Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Chini yake alikuwepo mnyapara, Mustapha, mtu wa pwani, mrefu, kanzu yake safi hata katikati ya vumbi la kiangazi. Siku ya kwanza watu walifika kambini na mashoka yao wenyewe. Bwana Miwani akayatazama, akacheka, akaamuru yatupwe. Kisha akafungua sanduku la mashoka ya Ulaya, vichwa vitupu. Mipini ikaagizwa kwa Sila.

Sila alikuwa fundi wa mipini, na kwetu fundi hachongi mpini mpaka apime mkono wa atakayeushika, kuanzia kwapani hadi ncha ya kidole. Mpini wa shoka la kufyekea ulikuwa mrefu, wa mti wa mkole, wenye nundu kichwani pale shina lilipokutana na mzizi. Wa kishoka cha mrina asali ulikuwa mfupi, mwepesi, wa kuning'inia begani mtu akipanda mti. Wa tezo, chombo cha kuchongea, alikata penye panda ya tawi, upinde wake ukiwa umetengenezwa na mti wenyewe. Ila mipini yote hiyo aliichonga ingali mibichi, kwa sababu shoka letu lina mkia, na mkia unapenya ndani ya mti. Mti ukikauka unajikaza, unakiuma chuma, haukiachii tena.

Shoka la Ulaya ni kinyume chake. Lina tundu, na mti ndio unaoingia ndani ya chuma. Sila akachonga wa kwanza mbichi kama alivyozoea, akagonga kabari, akauanika juu ya paa la tembe lake. Upepo wa kiangazi ukaukausha. Alipoushika tena, kichwa kilicheza kama jino la mzee. Akaelewa, akaenda kwa Mustapha.

"Mnyapara, mashoka haya yanataka mti uliokauka. Nipe muda mpaka mvua."

"Gari la moshi lingojee mvua yenu?" Mustapha akasema. "Mti ni mti, fundi."

"Ukikauka ndani ya chuma utasinyaa. Kichwa kitaruka."

"Kitaruka kiende wapi?"

"Kwa aliyesimama mbele."

"Basi asisimame mbele." Akaondoka akitabasamu, kana kwamba amempa mtu dawa.

Lakini ukataji ulipangwa na Bwana Miwani mwenyewe: watu wawili kwenye gogo moja, wakitazamana, huyu akiinua yule anashusha. Kefa, kaka yake Anyesi mke wa Sila, alipangwa na kijana wa misheni aitwaye Filipo. Anyesi hakuwa na ndugu mwingine. Wengine njaa ilikuwa imewamaliza.

Jioni hiyo Anyesi akaingia uani na mchi wake wa kutwangia, akaulaza miguuni mwa mumewe.

"Huu umekauka tangu mama yangu hajaolewa," akasema. "Mchongee Kefa."

Sila akaugeuza. Ulikuwa mweusi, mzito, umeliwa na kinu upande mmoja. Ungetosha mpini mmoja tu.

"Utatwangia nini?"

"Mchi nitaazima kwa jirani. Kaka sitaazima."

"Basi huu si wa Kefa," Sila akasema. "Ni wa Filipo. Shoka la Filipo ndilo linalomtazama kaka yako."

Anyesi akamwita Filipo apimwe mkono. Kefa naye akaja, akakaa kwenye kizingiti akicheka.

"Shemeji, yaani dada atoe mchi wake, faida aipate huyu?"

"Utanisalimia kwa adabu kuanzia leo," Filipo akasema. "Roho yako nimeishika mimi."

"Na yako je? Umeishikiza wapi?"

"Wa kwako ni mbichi," Sila akamwambia Kefa. "Utaulowesha kichwa kila jioni. Mti ukinywa maji unavimba, unashika mpaka kesho yake. Ukisahau jioni moja, huyu hatakusalimia tena."



Siku ya ukaguzi, mipini ilipangwa chini kambini. Bwana Miwani alipita akiisukuma kwa kiatu, akitaka yote iwe na urefu mmoja, iliyozidi ikakatwa. Mustapha aliyefuata nyuma yake akasimama penye ule mweusi, akaupitishia kiganja.

"Mzuri namna hii unaenda kuchanja kuni?"

"Huo ni wa Filipo, mnyapara," Sila akasema. "Umepimwa kwa mkono wake."

"Filipo ataupata mgongoni, akizembea." Akauweka kwapani.

Ndivyo mpini pekee mkavu ulivyogeuka fimbo. Mchi uliotwanga chakula cha watoto wa nyumba ile ukaanza kutwanga migongo, na wapo walioondoka duniani wakiwa na alama yake. Filipo akapewa mbichi kama wenzake.

Sasa maji yakahitajika kwa mashoka mawili. Maji ya mapipa ya kambini yalikuwa ya kunywa, yakipimwa kwa kikombe, na yaliyobaki ya nyumbu wa Bwana Miwani. Anyesi akawa anashuka mto Kinyasungwe kuchimba mchangani, anangoja maji yajikusanye, anapanda nayo jioni. Kefa na Filipo walitumbukiza vichwa vya mashoka kwenye chungu na kukaa kando yake kama watu wanaouguza. Wakataji waliowafuata kwenye safu waliomba maji yaliyosalia. Visima vikazidi kwenda chini. Upepo haukupumzika.

Jioni moja Mustapha alimkuta Anyesi njiani.

"Watu wana kiu, wewe unanywesha vyuma?"

"Ni ili visiruke, bwana. Mume wangu alikueleza."

"Mume na mke wimbo mmoja." Akauchukua mtungi kichwani mwake, taratibu, akampa mchunga nyumbu. "Kesho usije. Nikikuona, ataadhibiwa kaka yako."

Asubuhi yake Filipo alimwonyesha Mustapha jinsi kichwa cha shoka lake kilivyokuwa kikicheza. Akaonyeshwa fimbo. Kefa akakifunga kile kichwa kwa kamba ya gome, akakaza kwa meno, na wakasimama kwenye gogo lao wakitazamana.

Huku nyumbani Sila hakufanya kazi. Yeye na Anyesi walikaa uani wakisikiliza. Mashoka yalisikika kutoka ng'ambo ya kilima, mengi, yakipishana, na yalipopishana hivyo Anyesi aliweza kuvuta pumzi. Jua lilipokuwa utosini yakanyamaza yote mara moja.

"Labda wamepewa maji," Sila akasema.

Anyesi alikuwa ameshasimama.

Aliyetokea njiani alikuwa Mustapha, peke yake, anatembea bila haraka. Alipofika akaiegemea fimbo.

"Shoka la Filipo limetoka kwenye mpini," akasema. "Bwana anataka mwingine, leo."

"Na Kefa?" Anyesi akauliza.

"Nimekuja kuchukua mpini, mama."

Pindo la kanzu yake lilikuwa na damu, na yeye alikuwa bado hajaiona. Anyesi aliitazama damu ile mpaka akaelewa yote. Hakulia. Nyuma yake Sila alikuwa ameinama kwenye rundo la mikole aliyoikata jana, anachagua polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Wa nani?" akauliza.

"Wa yeyote."

"Sichongi mpini wa yeyote. Lazima nipime mkono."

"Filipo amefungwa kamba, hawezi kuja."

"Basi nipe wako."

Mustapha akacheka. "Wangu? Mimi nikate kuni?"

"Bwana anataka mpini leo. Nisipopima sitachonga, nawe utarudi mikono mitupu ukamweleze."

Mustapha akageuka kukitazama kilima. Kule hapakusikika kitu. Akakunja mkono wa kanzu.

"Inua juu, nifike kwapani," Sila akasema, kamba ya kupimia ikiwa tayari vidoleni. "Na huu mwingine unishikie kamba hapa kwapani. Ikaze."

Ili aifanye kazi ya mikono miwili, Mustapha alilazimika kuiachia fimbo. Akaisimamisha kwenye kinu, pale pale mchi ulipozoea kusimama, na Anyesi ndiye aliyekuwa karibu nacho.