Koti Halipikwi

Kabla ya Jumamosi ile hakuna binadamu aliyewahi kuyasikia maneno ya wimbo wa bendi ya Miamba, hata Miamba wenyewe. Si kwamba waliimba kwa siri. Walifanyia mazoezi Newala, ndani ya ghala la korosho lililokuwa tupu kwa kuwa msimu haujafika, na Sultani alipoanza kuzitwanga drams zake, na Gerson alipofungua gita lake mpaka mwisho, mabati yalitetemeka na popo waliohamia humo wakahama tena. Katikati ya vurugu hiyo Veridiana aliimba. Wenzake walijua anaimba kwa sababu walimwona mishipa ya shingo imemsimama, na wakaridhika. Muziki wa roki, Gerson aliwaambia, ni shingo kwanza.

Gerson ndiye mtunzi, na mchana ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, jambo ambalo hakuruhusu mtu yeyote kulisahau. Wimbo wake uliitwa “Sipigi Goti.” Ulimhusu mtu aliyekataa kuwasujudia wakubwa, na kila neno lake lilikuwa limefutwa na kuandikwa upya mpaka likanyooka. Besi alipiga Bwanali, mtu ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Na mwimbaji ndiye huyu Veridiana, fundi cherehani wa sokoni Masasi, mzaliwa wa Chiwata, Mmakua kwa baba na kwa mama.

Veridiana alikuwa na tamaa moja tu, wala hakumficha mtu. Alikuwa ameimba tangu meno ya utotoni, na hajawahi kujisikia. Kwenye kwaya ya Kianglikana waliimba watu arobaini, na sauti yako ikishaingia humo ni kama chumvi kwenye sufuria, utajuaje ipi ni yako? Ghalani Newala ndiyo usiseme. Alitaka asimame mbele ya spika, anyamaze, halafu asikie Veridiana anaimba. Kwa ajili hiyo alifunga kibanda chake siku ya Jumamosi, siku ambayo fundi mwenye akili hafungi.

Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya nyumba ya Huruma, chini ya mlima Mtandi, hapo hapo Masasi. Huruma, ambaye mtaani wanamwita Mama Esther, alikuwa amerekodi kwaya nyingi kuliko maharusi aliohudhuria. Kuta zake zilikuwa magodoro na trei za mayai, na mbele ya maiki alikuwa ametandaza soksi nyeusi ya kike juu ya waya wa henga ya nguo, ili pumzi ya mwimbaji isiipige maiki kofi. Kioo cha dirisha kilitenga chumba cha mwimbaji na chumba cha kompyuta.

“Shikamoo, Mama Esther,” walisema kwa pamoja.

“Marahaba wanangu. Nasikia ninyi ni watu wa mwamba. Mchungaji amenipigia kuwasifu, anadhani ni kwaya. Mimi sijamsahihisha, na ninyi msimsahihishe. Ingieni kabla kesho haijafika, maana kesho nina watu wa Nanganga.”

Kufikia adhuhuri drams, besi na gita vilikuwa vimeshaingia, na vilikuwa vitamu mpaka Bwanali alitabasamu. Ilibaki sauti. Veridiana aliingia chumbani, akavaa hedifoni, na ngoma za Sultani zikamjaa kichwani kana kwamba Sultani amekaa katikati ya masikio yake. Aliimba wimbo mzima bila kupumzika, kwa mikono, kwa mabega, kwa kila kitu alichopewa na Mungu. Alipomaliza, nyuma ya kioo Sultani alikuwa amesimama juu ya kiti.

“Njoo usikie!” Huruma alimwita. “Kwanza nazima vyombo, tuisikilize sauti peke yake.”

Veridiana alitoka mbio. Huruma akabonyeza kitufe, gita likapotea, drams zikapotea, na chumba chote kikamsikia mwanamke mmoja, mwenye sauti pana yenye mkwaruzo kidogo, akiapa mbele ya dunia:

“Sipiki koti! Sipiki koti! Hata mkinitishia, sipiki koti!”

Halafu Sultani akadondoka kitini.

“Fundi!” alisema alipopata pumzi. “Koti linashonwa! Ni ntu gani amekwambia linapikwa?”

Huruma hakuwa na mbavu. Bwanali alijifuta machozi. Na Veridiana mwenyewe alicheka mpaka akaegemea godoro, kwa sababu kitu cha kuchekesha ni cha kuchekesha hata kikiwa chako. Kimakua alichokinyonya kwa mama yake hakina g, hakina b, hakina d. Mdomo uliolelewa nacho hulifanya gari kuwa kari na dawa kuwa tawa. Akipima wateja wake taratibu, g zake zote zipo. Akipandwa na furaha au hasira, zinatawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

“Na wewe unayeuita mlango nnango,” alimjibu Sultani, “leo utanifundisha mimi kusema?”

Gerson peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama anayesahihisha daftari la mtoto mtoro.

“Miezi yote hii,” alisema, “nimetunga wimbo wa mapishi ya nguo. Turudie.”

Walirudia. Gerson alikamata kipaza sauti cha Huruma, cha kuongea na mwimbaji hedifonini, akaanza darasa. “Go. Sema go. Ulimi nyuma, Veridiana. Go-ti. Tena.” Veridiana alisema go. Alisema goti, alisema sipigi, na kweli g ziliingia zote, zimepangwa mstari. Lakini aliimba kama mtoto anayeandika imla, akiogopa kila herufi kabla haijafika. Huruma aliposikiliza alitikisa kichwa.

“G imeingia,” alisema, “ila mwimbaji ametoka. Na hiyo g yenyewe, nikirudisha gita, inamezwa. Sikilizeni. Sipi-i o-ti. Huyu ni nani, ana mafua?”

Wakarudia tena. Veridiana akijisahau na kuimba kwa moyo, koti lilirudi jikoni. Akijikumbuka, wimbo ulilala. Koo lilianza kumwasha. Furaha aliyokuja nayo ilikuwa inamtoka polepole, naye aliiona ikimtoka, na hilo lilimuuma kuliko koo. Mara ya mwisho Huruma aliuacha wimbo uendelee kulia hedifonini bila kuuzima, akageuka kuongea na wenzake. Gerson alikuwa bado ameegemea kile kipaza sauti, na kidole hakukiondoa kwenye kitufe. Kwa hiyo Veridiana, peke yake kwenye magodoro, alisikia kila neno juu ya gita.

“Winfrida anakaa hapo nyuma ya kanisa,” Gerson alikuwa anasema. “Sauti yake ni safi, maneno yake yamenyooka. Nampigia simu aje aimbe yeye. Veridiana tutamwingiza siku nyingine.”

“Siku nyingine lini?” aliuliza Sultani, na safari hii hakuwa anacheka.

“Siku nyingine.”

Siku nyingine! Veridiana aliijua hiyo siku. Ndiyo ile ambayo wateja wake huahidi kuja kuchukua nguo. Alitaka kulia na alitaka kumpiga Gerson kwa kitu kizito, na kabla hajachagua, sauti ya Huruma iliingia masikioni kwa upole.

“Veridiana mwanangu, toka kwanza upumzike. Tuongee.”

“Sitoki!” alisema Veridiana.

“Toka tu kidogo…”

“Sitoki!”

Hapo, hedifonini, kiitikio kilifika. Drams zilianguka, gita likafunguka, na hasira ya Veridiana ikakuta mlango uko wazi. Alishika nguzo ya maiki kwa mikono miwili.

“Sitoki hapa! Sitoki hapa! Hata mkinitishia, sitoki hapa!”

Aliwaambia wote, kupitia ile soksi nyeusi. Alimwambia Gerson, alimwambia Winfrida ambaye hana kosa lolote, aliwaambia wateja wote wa siku nyingine. Kiitikio kilipojirudia akarudia naye, akipanda juu zaidi, mahali ambapo sauti yake haikuwahi kufika, akashangaa kukuta kuna nafasi ya kutosha. Muziki ulipokoma alikuwa anahema, na aliona aibu. Nyuma ya kioo watu wanne walimtazama.

“Nilikuwa narekodi,” Huruma alisema. “Mimi huwa sizimi. Kwaya zimenifunza.”

Akapiga tena kipande kile, safari hii pamoja na vyombo vyote, na mlango wa chumba ukiwa wazi ili Veridiana asikie. Gita lilinguruma, drams zikatwanga, na katikati yake t ile na k ile zilipenya moja baada ya moja, kama sindano kwenye kitenge. Hakuna neno lililomezwa.

“Mnaona?” Huruma alikuwa amenyanyuka. “Gita lenu linakula herufi laini. Hizi za kwake haliwezi kuzitafuna!”

Wote wakamgeukia mwalimu. Gerson alikuwa anapigapiga vidole mezani, midomo ikimchezacheza. “Si-pi-gi go-ti,” alinong’ona. “Si-to-ki ha-pa.” Akarudia. Kisha akaruka juu kama aliyekalia siafu.

“Inakaa! Jamani, inakaa pale pale! Na maana haijaharibika!” Alimtazama Veridiana. “Lile la Winfrida… nimekosa. Naomba radhi. Njoo hapa unisaidie, haraka, kabla umeme haujatukumbuka.”

Veridiana alikuwa na maneno kadhaa ya kumwambia, lakini alikuwa na haraka kuliko hasira. “Kaa chini uandike,” alisema. “Radhi yako nitaijibu baadaye.”

Miamba wote wanne wakaukalia wimbo, wakiwinda b na d na g kama watu wanaotoa mawe kwenye mchele. Bunduki ikawa risasi. Adui akawa mtesi. Sultani alipendekeza maneno ambayo hayawezi kuimbwa mbele ya Mama Esther. Walipofika kwenye giza Gerson akashika kichwa, kwa kuwa ubeti mzima ulisimama juu ya giza.

“Kiza,” alisema Veridiana.

“Usinichekeshe saa hizi.”

“Si hata bibi zenu wanasema kiza?”

Gerson akapiga meza kofi. “Kiza kimo kwenye kamusi! Ni Kiswahili safi kabisa! Andika kiza!” Alisema andika huku kalamu anayo mwenyewe, na Bwanali, kwa mara ya kwanza siku ile, alicheka kwa sauti.

Veridiana akarudi mbele ya maiki. Sasa hakuwa na herufi ya kuogopa. Ubeti wa kwanza ulimtoka kama maji yaliyofunguliwa, kiitikio kikafuata, na akaona nyuma ya kioo vichwa vinne vinatikisika kwa pamoja. Alikuwa anaimba na anajua kwamba anaimba vizuri, na hakuna raha duniani inayofanana na hiyo. Akaingia ubeti wa pili, ule ambao mhusika anakumbuka maneno aliyoambiwa nyumbani.

“Papa alisema, simama,” aliimba.

Alijisikia mara hiyo hiyo. Papa! Mstari unaanza na baba, nao wanne wote waliupita bila kuuona. Sultani alifungua mdomo, na ungeweza kumsomea usoni utani wa samaki wa baharini unaotaka kutoka. Kidole cha Huruma kilikwenda juu ya kitufe cha kuzima, macho yake yakamwendea Gerson yakiuliza. Veridiana aliendelea kuimba, macho kwenye kidole kile. Gerson alinyoosha mkono, akakishika kidole cha Mama Esther kwa heshima, akakiondoa.

Wimbo uliisha. Veridiana alivua hedifoni na kutoka.

“Nimekosea,” alisema. “Ubeti wa pili. Turudie.”

“Nyumbani Chiwata unamwitaje?” aliuliza Gerson.

“Nani?”

“Baba yako.”

Veridiana alimtazama kuona kama ni darasa tena. Haikuwa darasa. “Namwita papa.”

“Basi hujakosea. Baba ni wako, si wangu. Mama Esther, tuwekee.”

Huruma akaweka. Veridiana akasimama mbele ya spika, akanyamaza, kwa sababu sasa hakuwa na kazi nyingine. Gita likaingia, drams zikaingia, halafu mwanamke fulani wa Chiwata akaanza kuimba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kufikiri, na ilikuwa na mkwaruzo mzuri pembeni, na ilisema papa alisema, simama, bila kumwomba mtu ruhusa. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

“Mama Esther,” alisema, “onkeza!”

Hakuna aliyecheka. Sultani ndiye aliyewahi kuifikia spika, akaiongeza mpaka mwisho.