Muziki Mtupu

Kava zote zilikuwepo, na hilo ndilo lililomchelewesha Levina kugundua maafa. Alitua begi la safari, akafungua dirisha kutoa joto la chumba kilichofungwa tangu alipokwenda Mwanza kumwangalia binti yake Julieth aliyejifungua, kisha akaigeukia rafu yake. CD za muziki wa sinema zilikuwa zimesimama vilevile alivyoziacha: za Waitaliano upande wa mlangoni, za Wahindi katikati, za Wajapani mwisho. Kilichoongezeka ni vumbi tu. Akavuta moja apanguse. Ilikuwa nyepesi mno. Akaifungua, ndani hamna kitu. Akavuta nyingine, hamna. Akaikimbilia ile ya mwisho kabisa, ambayo alikuwa ameiacha haijatolewa hata plastiki, akakuta plastiki imechanwa kwa meno na ndani kumebaki kile kitundu cha kushikia CD, basi.

Akamwita Bernardo kwa sauti ambayo majirani wa pale Ipuli, Tabora, hawakuwahi kuisikia ikitoka kwake. Na hakumwita kaka. Alimwita jina lake kavu, kama anavyoitwa mdaiwa.

Bernardo alitokea akiwa na kipande cha muhogo mkononi. Ndiye aliyeachiwa ufunguo, maana walikuwa wanaishi kwenye ua mmoja, nyumba waliyoachiwa na baba yao, Mzee Ngollo.

"Umerudi salama? Mtoto wa Julieth kafanana na nani?"

"CD zangu ziko wapi?"

"Aa, zile." Akameza muhogo. "Nilimpa mama mkwe kule Ulyankulu. Ndege wanammaliza, Levina, kwelea kwelea wa mwaka huu usiombe. Wakulima wanatafuta CD za kutundika kwenye mpunga ziwe zinamulika, ndege waogope. Nikamwambia kwetu zipo za dada yangu, tena tupu."

"Tupu?"

"Si wewe mwenyewe unasema? Kila mgeni akiuliza humo kuna nini, unamjibu ni tupu."

"Nasema muziki mtupu, Bernardo. Muziki mtupu. Hamna mtu anayeongea."

"Sasa kama hamna mtu anayeongea, kuna nini?"

Hakuwa anatania. Kama angekuwa anatania, Levina angeweza kumtukana, yakaisha. Lakini kaka yake alikuwa anauliza kwa moyo mweupe kabisa, shavu limejaa muhogo, akingoja aeleweshwe. Tena akaongeza, kama mtu anayestahili shukrani: "Kava nimekuachia zote. Si ndizo zenye picha?"

Levina aliingia ndani akafunga mlango, kwa sababu mkononi alikuwa na mwavuli na aliogopa atautumia.

Ili hasira hii ieleweke, lazima Bernardo aeleweke, na kumwelewa Bernardo si kazi ngumu, maana hajawahi kunyamaza. Bernardo ni mtafsiri wa sinema. Nyuma ya nyumba yao kuna banda umiza, ukumbi wa mabati na mabenchi ambao mzee wao aliuanzisha kwa televisheni moja na deki moja. Bernardo alianza kutafsiri hajaota ndevu. Alivaa hedifoni kubwa zilizomfunika masikio, akashika maiki, filamu ikianza na yeye anaanza: nani kamwambia nani nini, nani kamkosea nani, na pale ambapo wazungu hawakusema kitu, aliwasemea. Wacheza filamu aliwapa majina ya huku, wengine aliwafanya watu wa Nzega, akawatengenezea na mashemeji. Watu walimpenda. Mpaka leo, ingawa siku hizi banda linaishi kwa mpira, Jumamosi mchana wazee wanakuja zaidi kumsikiliza Bernardo kuliko kutazama filamu.

Levina alikulia kwenye benchi la mbele la banda hilo, na alichokuwa anakitaka yeye ni kimoja tu, ambacho hakukipata hata siku moja. Alitaka Bernardo anyamaze. Chini ya maneno yale alikuwa anasikia kitu kinapita, ngoma kidogo, fidla kidogo, kama mtu anayepika chumba cha pili ukasikia harufu tu. Akishika, Bernardo anaongea. Akishika tena, Bernardo anacheka kwa niaba ya adui. Alipopata duka lake la kutoa fotokopi na kuanza kujitegemea, akagundua duniani kuna CD zinazotolewa zenye muziki wa filamu peke yake, bila neno, bila risasi, bila kaka. Kuanzia hapo hakupona.

Na juu ya zote kulikuwa na moja. Ilikuwa ya filamu ambayo Tabora nzima iliijua kwa jina la "Ngosha", jina alilolitunga Bernardo, habari za mpanda farasi anayerudi kwao baada ya vita akakuta nyumba imebaki kuta. Mwishoni Ngosha anakaa kizingitini. Hapigani na mtu wala haongei na mtu. Muziki tu, muda mrefu. Mzee Ngollo, ambaye kazi yake ilikuwa kukata tiketi mlangoni na ambaye sinema zenyewe alizipuuza, filamu ikifika hapo alikuwa anaacha mlango wazi. Anaingia, anasimama ukuta wa nyuma, mikono nyuma, midomo inamchezacheza. Siku moja Levina alimfuata akamuuliza anafanya nini.

"Nasikiliza."

"Unamsikiliza kaka?"

"Nasikiliza muziki, ukimtoa kaka yako."

Levina hakuweza kumtoa. Alijaribu kwa masikio yote mawili, lakini Bernardo alikuwa amekaa juu ya muziki ule akieleza Ngosha anawaza nini, mke wake alikwenda wapi, na shamba litagawanywaje. Mzee alifariki, mkanda ukatafunwa na deki, na Levina akabaki na swali la baba yake alikuwa anasikia nini. Alihangaika miaka. Shaban, mfanyabiashara anayemwagizia CD kutoka nje, alitafuta "Ngosha" kila mahali asipate, na angepataje, wakati jina hilo lilizaliwa Ipuli? Hata jina la kweli lilipojulikana, mtandaoni kulikuwa na kipande kimoja tu cha filamu hiyo, kilichorekodiwa bandani kwao zamani na kupandishwa na mpenzi mmoja wa sinema wa Nzega, na kipande hicho kilikuwa na sauti ya Bernardo mwanzo mpaka mwisho. Siku hiyo nusura avunje simu.

Kisha Shaban akaipata, toleo la Japani. Ilifika asubuhi ileile ya safari ya Mwanza, umeme umekatika, basi linapiga honi stendi. Levina hakutaka kuisikiliza kwa haraka, mguu mmoja nje. Akaiweka rafuni akafunga mlango, akampa ufunguo kaka yake. Ufunguo, akampa kaka yake. Alilirudia hilo kichwani siku iliyofuata baada ya kugundua maafa, safari nzima ya kwenda Ulyankulu kuzifuata CD zake, na kila alipolirudia aliona joto linampanda shingoni.

Njiani alipanga maneno. Angemwambia huyo mama kwamba vitu vya watu havichukuliwi hivihivi, kwamba hata mpunga una mwenyewe. Basi lilipita njia ya misafara ya zamani ya pembe za ndovu, na Levina akawaona wale wapagazi wa historia wana nafuu kuliko yeye, maana walijua wazi kwamba mzigo ni wa mtu mwingine.

Recheli, mama mkwe wa Bernardo, alimwona tokea mbali akaacha kibuyu chake akaja mbio, mama mzima wa makamo ya kuitwa bibi, mikono miwili mbele.

"Shikamoo mama," Levina akasema. Afanyeje?

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Umekuja mwenyewe? Mungu akubariki. Bernardo aliniambia, huyu dada yangu amesikia shida yako, akasema mpe zote."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hukulala kwa kunihurumia."

Mama mkwe wa kaka yako humgombezi, hata akikukanyaga mguu, na huyu alikuwa amemshika mikono yote miwili anamshukuru kwa jambo ambalo hakulifanya. Kumwambia ukweli ilikuwa ni kumvua Bernardo nguo mbele ya ukwe. Alistahili kuvuliwa. Levina alilipima hilo kwa utulivu kabisa, akaona kwamba atakayeona aibu ni huyu mama, si Bernardo, maana Bernardo aibu hakuijua.

Recheli alimpeleka kwenye majaruba. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, na juu yake, kwenye kamba zilizofungwa mti hadi mti, zilining'inia CD zake zote. Zilizunguka kwa upepo, zikagongana, zikarusha vipande vya jua huku na huku. Kwa majirani, jaruba lililofuata, kwelea kwelea walikuwa wameshuka na mpunga umebaki mabua. Kwa Recheli hawakuthubutu. Ilikuwa kweli zinafaa. Hilo nalo lilimuudhi.

"Mama, naomba moja tu," alisema. "Nyingine utanirudishia ukishavuna. Ina maandishi ya Kijapani, katikati ni nyekundu."

"Ile? Ile ndiyo wanayoiogopa kuliko zote, ni mpya." Recheli alikwenda mwenyewe mpaka kamba ya katikati, akaikata uzi, akaifuta kwa kanga yake, akiisugua kwa duara, kwa nguvu, kama sahani. Levina alifumba macho asione. Kisha akapewa, pamoja na jogoo wa zawadi.

Alirudi Tabora na jogoo miguuni, akiwa hajasema hata neno moja kati ya yale aliyoyapanga.

Kulipokucha umeme ulikuwepo. Aliiosha CD kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaikausha kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa na mikwaruzo ya kila namna. Bernardo alikuwa ameshakaa kizingitini bila kukaribishwa, jogoo amemfunga kwenye mguu wa kiti.

"Mama mkwe amepiga simu, amefurahi sana. Anasema—"

"Ukifungua mdomo tena nakumwagia haya maji."

Akaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Deki ikanguruma, ikatulia. Ikaja filimbi moja, peke yake, taratibu, kisha fidla zikaingia chini yake, nyingi, na Levina akajikuta ameshika ukingo wa meza, kwa sababu ilikuwa ni ile harufu ya chumba cha pili na sasa yuko ndani ya chumba. Fidla zikaanza kupanda. Zikapanda, zikafika mahali ambapo ilikuwa wazi kwamba kitu kinakuja, na hapo deki ikasema tk, tk, ikarudi nyuma. Zikapanda tena. Tk, tk. Akaitoa akaifuta. Akairudisha. Ikapanda, ikakwama palepale. Alijaribu kuivusha, ikaruka mpaka kimya cha mwisho. Mkwaruzo mmoja wa duara, wa kanga, ulikuwa umekaa hasa hapo.

Levina alihisi hasira ya miaka yote inamjaa mpaka masikio yanavuma. Alitafuta kitu cha kuvunja, akaona mgongo wa kaka yake.

Na hapo akasikia mtu anaimba kwa mdomo uliofungwa.

Bernardo alikuwa anatazama chini, vidole vinachezea kamba ya jogoo. Aliuchukua muziki palepale ulipokwama, akaupandisha, akaushikilia juu kwa muda ambao Levina asingeukisia, kisha akaushusha polepole, hatua kwa hatua, mpaka chini kabisa, ukaishia kwenye ile filimbi. Hakukosea mahali. Alikuwa hajui kama anasikika.

"Hiyo umeisikia wapi?" Levina akauliza.

Bernardo akashtuka. "Kwenye hedifoni. Si filamu inapita humo kwanza?"

"Bila sauti yako."

"Bila sauti yangu."

"Kila Jumamosi. Miaka yote ile."

"Kila Jumamosi."

"Na baba alikuwa amesimama ukutani. Ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa namwona."

"Basi kwa nini ulikuwa unaongea?"

Bernardo akaifungua kamba ya jogoo, akaifunga upya. "Wangesema maiki imekufa," alisema. "Wangezomea. Baba angefanyaje na watu wanaozomea?" Akamsogeza jogoo kwa mguu. "Halafu nikinyamaza pale, Levina, nilikuwa nasikia vibaya. Ule muziki ulikuwa unanitia huzuni. Nikiongea unapita."

Levina alimtazama. Hakumhurumia. Aliona kwamba huyu mtu alikuwa amekula peke yake chakula cha nyumba nzima, na kukila kwenyewe alikula akiwa anafanya makelele kisinukie. Akazima deki.

"Rudia," akasema. "Kuanzia pale ilipokwama."

"Sasa unajua, pale Ngosha anakuwa anawaza—"

"Kaka." Alimnyooshea kidole. "Ukiweka hata neno moja humo ndani, naapa leo utakwenda Ulyankulu ukatundikwe wewe."

Bernardo akafunga mdomo, akafuta midomo kwa kiganja. Levina alikwenda akasimama kwenye ukuta wa nyuma, mikono nyuma, bado amekasirika, akangoja aanze.