Shingo ya Kasuku

Mdogo wangu tulimwita Kasuku, na msidhani ni mapenzi matupu. Alikuwa na mdomo, jamani. Mteja akija dukani kwetu kushonewa gauni, Kasuku ameshajua mumewe, mawifi na ugomvi wao wote kabla mimi sijashika futi. Mama, aliyetufundisha ushonaji kabla hajapofuka, alikaa pembeni akibagua vitambaa kwa vidole, akicheka.

Shingo ya Kasuku ilikuwa na uvimbe miaka mingi. Hospitali walitueleza kwamba mwili wake wenyewe unaishambulia tezi ya shingo, kwa hiyo ameze kidonge kila asubuhi na arudi kupimwa. Kidonge alimeza. Kurudi, hapo ndipo tulipojitia ujuzi. Vidole vya mama vilitofautisha hariri ya kweli na ya kuigiza, basi tukaona shingo itamshindaje? Kila Jumapili alimpapasa mwanawe, akasema, "Ni ile ile," nasi tukashusha pumzi. Watu wazima na akili zetu.

Sauti ilipoanza kukwaruza, wateja walimtania kwamba anabalehe upya. Naye alicheka. Ilipogoma kupona nikamburuta hospitali. Daktari akamchoma sindano shingoni, akatoa chembe za kupima. Majibu yakaja: saratani imeota ndani ya uvimbe ule wa zamani, imejifichia humo, na sasa imeuzingira mshipa unaoendesha sauti. Ikitolewa yote, atabaki na mnong'ono. Ikiachwa, itamuua.

"Kata," nikamwambia daktari. "Kuna la kuuliza hapo?"

Kasuku akanishika mkono. "Dada, mama hanioni. Atanijuaje?"

"Amekuzaa, atakujua." Nilimjibu kwa ukali kwa sababu niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Mama tulimwambia habari za upasuaji. Za sauti hatukuthubutu. Siku mbili tatu alizobaki nyumbani na jirani, alikuwa akimuuliza tu kama Kasuku hajawachosha wauguzi kwa maneno.

Tuliporudi, alikuwa ameketi kitandani, ameshavaa gauni lake zuri. Mdogo wangu akapiga magoti mbele yake. Mikono ya mama ikaenda moja kwa moja shingoni, kama kawaida yake. Ikakuta ngozi bapa na mshono. Ikasimama.

"Shikamoo, mama," Kasuku akanong'ona. Ulitoka upepo mtupu.

Mama akageuza uso upande wangu. "Huyu nani?"

"Ni Kasuku, mama."

"Sikukuuliza wewe. Aseme mwenyewe."

Kasuku akarudia. Akarudia tena, mishipa imemtoka, machozi yanamwagikia mikono ya mama.

Mama akaitoa mikono yake taratibu, akaifutia kwenye gauni. "Mpe mgeni kiti," akaniambia. "Kisha mwambie mwanangu aingie, asikae huko nje."