Vitenge vya Uvunguni

Kununua kitenge kwa Bernadetta Kahigwa, pale Pasiansi, kulikuwa na taratibu zake. Mlango wa mbele haukuhusika. Huko mbele kulikuwa na sabuni za mche, viberiti, majani ya chai na nyuzi za cherehani, vimeachana kwenye shelfu kama meno ya mzee. Mteja wa kitenge alizunguka nyuma, akapiga hodi jikoni, akapewa kigoda, akaulizwa habari za watoto, akaletewa maji. Akishamaliza maji ndipo anainama na kunong'ona, "Mama Koku, ile kitu ipo?" Bernadetta anachungulia dirishani, anasikiliza kidogo, kisha anaingia chumbani na kuburuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Ungedhani anauza gongo.

Na huo ulikuwa mwaka 1994. Mjini watu walikuwa wanapanga redio chini kama viazi, wanapiga kelele mchana kutwa, na askari anapita katikati yao akitafuta kivuli.

Lakini Bernadetta alikuwa bado anaishi mwaka 1983, mwaka wa msako wa walanguzi. Mwaka huo marehemu mume wake, Jovinary, alisikia magari yamefika mtaa wa pili. Akapakia majora manane ya kitambaa kwenye mtumbwi, akayafunika nyavu, akaenda kuyatosa ziwani asubuhi kweupe. Bernadetta alisimama juu ya mawe akaona jora moja likikataa kuzama. Likajikunjua taratibu juu ya maji, likaenda zake, na yeye hakuweza hata kulia kwa sauti. Hawakukamatwa. Ila tangu siku hiyo, mgeni akiuliza kitu chochote, mdomo wake ulijibu kabla kichwa hakijapata habari: "Hakuna."

Siku moja padre mpya alipita kusalimia, akauliza kama kuna kiti apumzike kidogo. "Hakuna," Bernadetta akasema, na hapo amekalia kimoja, miguu ameiweka juu ya kingine. Tereza, jirani yake aliyekuwa anakaanga mihogo ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka mihogo ikaungua.

Moyo wake lakini haukuwa uvunguni. Kila Jumamosi alivaa gauni lake la kanisani, akaenda mjini mpaka Mtaa wa Rwagasore, akasimama mbele ya duka moja tupu lenye dirisha kubwa la kioo. Hanunui kitu, haongei na mtu. Anapanga tu. Kile cha kijani chenye ndege kingening'inia juu kabisa. Cha zambarau kingemwagika kutoka kwenye kiti, kama mtu ndiyo kwanza ameinuka. Vile vyekundu vingekaa upande wa jua la jioni. Akimaliza kupanga, alifuta vumbi kwenye kioo kwa pindo la khanga yake, akarudi nyumbani kuuza viberiti. Alikuwa amefanya hivyo miaka miwili. Kama duka lingekuwa mwanaume, watu wa mtaa ule wangeshasema.

Mwezi wa saba akajikaza, akaenda kwa mwenye jengo. Mzee Nkwabi alikuwa mtu wa Magu aliyeuza ng'ombe akanunua nyumba mjini, na mpaka leo alikagua wapangaji kama anakagua mtamba mnadani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Unauza nini?"

"Vitenge."

"Vingi?"

Hapo kidogo mdomo umponyoke. Akaung'ata. "Vinatosha, mzee."

"Mimi sitaki mtu wa viberiti," Nkwabi akasema. "Aliyetoka alikaa miezi miwili akafunga, na tangu hapo duka limekaa tupu, miaka miwili sasa. Nataka mwenye mali. Nitatuma mtu aje aone, akinieleza vizuri, funguo ni zako."

Bernadetta alirudi Pasiansi hata hakumbuki alipita wapi. Akapiga deki. Akapaka chokaa ukuta wa mbele. Vitenge hakuvitoa, alijiambia atavitoa mjumbe akifika. Kichwani mwake mjumbe alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye miwani na mkoba, na yeye angemwona tangu kule kona.

Alhamisi akaja binti wa miaka ishirini hivi, kavaa kandambili, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba nione vitenge."

"Hakuna."

"Hata kimoja?"

"Si unaona mwenyewe? Sabuni ipo."

"Mbona nimeambiwa unavyo vizuri sana?"

"Nani kakwambia? Watu wana maneno. Hapa ni sabuni na viberiti, mwanangu."

Binti akatazama shelfu, akatazama ukuta wenye chokaa mbichi, akanunua kiberiti kimoja, akaaga. Alipokwisha kupanda nyuma ya pikapu iliyokuwa inaelekea mjini, Tereza akavuka barabara, mwiko mkononi.

"Mama Koku, yule alikuwa anataka nini?"

"Nani?"

"Selina. Binti wa Mzee Nkwabi. Pua ile huijui? Ukoo mzima wanayo, hata ng'ombe wao."

Bernadetta akakaa chini sakafuni, pale pale penye deki.

"Usiniambie," Tereza akasema.

Hakumwambia. Haikuhitajika.

Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Nkwabi. Mzee alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti.

"Mama, binti yangu kaniletea kiberiti."

"Mzee, vitenge ninavyo. Masanduku sita."

"Yako wapi?"

"Chini ya kitanda."

Nkwabi akatoa kijiti mdomoni. "Miaka kumi na moja imepita, mama. Bado unawasubiri watu wa msako?"

"Siwasubiri, mzee. Mdomo ndio unawasubiri."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema kuna muuza redio kutoka Shinyanga naye analitaka lile duka, na ana haraka. "Lakini Jumapili nikitoka kanisani nitapita kwako. Nataka kuviona nikiwa barabarani, sitaki kuzungushwa jikoni kunyweshwa maji."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Bernadetta aliburuta sanduku la kwanza mpaka mlango wa mbele, na hapo miguu ikagoma. Alikaa juu ya sanduku kama mtu anayesubiri gari. Tereza alifunga kamba kwenye nguzo ya banda lake, akaivusha mpaka kwenye paa la duka, akasimama akisubiri.

"Nipe kimoja tu," akasema mwishowe. "Kile ambacho hata kikichukuliwa hutalia."

"Hakuna cha namna hiyo."

"Basi nipe unachokipenda kuliko vyote, tulie vizuri."

Bernadetta akacheka, na akiwa bado anacheka akampa kile cha kijani chenye ndege. Saa nne masanduku yote sita yalikuwa matupu. Kamba, ua, mlango, madirisha, banda la mihogo, kila mahali palivaa. Watu waliotoka kanisani walisimama barabarani. Mama mmoja aliyekuwa mteja wake wa jikoni kwa miaka sita alishika kiuno: "Kumbe unavyo vyote hivi, na mimi unanionyesha vitatu vitatu!"

Ndipo Landrova ya polisi ikaja kutoka upande wa uwanja wa ndege. Ikapunguza mwendo. Ikasimama.

Bernadetta alishakamata kitenge cha kwanza, anakivuta. Mikono ilikuwa inajua kazi yake.

"Mama Koku, acha!" Tereza akasema kwa sauti ya chini. "Utachana."

Askari akashuka, mtu mnene, kofia kaiweka kwapani. Akatazama kamba yote toka mwanzo mpaka mwisho.

"Mama, hiki cha njano bei gani? Mke wangu kanuna tangu Ijumaa."

Bernadetta alifungua mdomo mara mbili, neno lisitoke. Mara ya tatu ikatoka bei, tena bei yenyewe, haikupunguzwa kwa woga. Askari akaguna, akalalamika kama wateja wote, akachukua na cha zambarau juu yake. "Kanuna sana," akaeleza.

Mzee Nkwabi alifika saa sita, suti ya kanisani, kitabu cha nyimbo mkononi. Alitembea chini ya vitenge polepole, akavigusa, akavigeuza akaangalia nyuma yake. Alipomaliza hakuwa anamtazama Bernadetta usoni.

"Mama, yule wa redio alikuja jana. Kalipa kodi ya miezi sita, nikampa funguo. Nimekuja kwa sababu niliahidi."

Bernadetta akaitikia kwa kichwa. Aliliona lile dirisha limejaa redio.

"Lakini nina chumba cha nyuma," mzee akaendelea. "Mlango uko kwenye kichochoro. Hakina dirisha, ila kina kufuli la maana. Kwa bei ya bure, mama. Anzia hapo."

Na mwili wake wote ulikubali. Alikijua chumba kile bila kukiona: giza lake, ubaridi wake, watu wanaogonga taratibu. Angelala usingizi mzuri kabisa.

"Mzee," akasema, "chumba cha namna hiyo ninacho. Tena changu kina kitanda."

Tereza akajikohoza kuficha kicheko.

"Miezi sita ikiisha?" Bernadetta akauliza. "Na pale pembeni, kwa fundi saa, anatoka lini?"

"Fundi saa anarudi kwao Kisesa Desemba. Kwa nini?"

"Niandikie vyote viwili, lile duka na pale kwa fundi saa. Utoboe ukuta wa katikati."

Nkwabi akamtazama kama ng'ombe aliyemnunua mdogo akamkuta na mimba. "Vyote viwili utavijaza nini?"

"Hilo niachie mimi."

Mzee akapapasa mifuko, akapata kalamu, akaandika jina la Bernadetta nyuma ya kitabu cha nyimbo. Haikuwa ahadi, alisema, mambo hubadilika. Bernadetta alijua. Alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea, na akaona ajabu: miaka miwili alitamani kimya kimya na akalala vizuri. Leo ametamka mbele ya watu, jina limeandikwa kwa wino, na kifua kinamuuma kama ana homa.

"Mama," sauti ikamwita. Alikuwa mwanamke kijana, mtoto mgongoni, ameshika ncha ya kitenge anakitazama juani. "Hiki cha rangi ya bluu kipo?"

"Cha bluu kinakuja na meli ya Bukoba, Alhamisi," Bernadetta akasema.

Hakuna mtu aliyekuwa ameagiza chochote Bukoba. Akamwomba Tereza amsimamie kamba, akaingia ndani mbio kutafuta begi la safari.